Shangazi, Mgonjwa Wangu wa Kwanza

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini nikianza kuzungumza nawe bila kukuamkia naona kabisa utainuka huko uliko uje unifinye sikio mbele ya watu.

Hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia. Ulipokuwa hai haikuwezekana, maana hukuwahi kukaa mbali nami muda wa kutosha barua kufika. Ningeandika leo, kesho ungekuwa umeshatokea mwenyewe, kapu kichwani, unauliza kwa nini nimekonda.

Unakumbuka siku niliyomwambia Baba kwamba nataka kusomea unesi? Alikuwa uani pale kwetu Mbegani, anasuka dema la kutegea samaki. Hakuinua kichwa. Akasuka, akasuka, mpaka akaziba na ule mlango wa samaki kuingilia. Alipogundua, akaanza kulifumua, na huku anafumua akauliza:

"Na wanaume wa huko, nani anawaosha?"

"Sijui, Baba."

"Na damu ya watu ikikurukia, sala yako inakuwaje?"

"Nitaoga, nibadili nguo, nitawadhe."

"Na hilo gauni lao, linaishia wapi?"

Hapo ukatoka jikoni na mwiko mkononi. "Enhe! Gauni linaishia wapi. Hilo ndilo swali lenyewe. Hayo mengine ni utangulizi."

Na ilikuwapo ile posa ya Bwana Athumani wa Kerege, mgane mwenye minazi na baiskeli. Mtu mwema, mpole, wala sina la kumsema. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba mimi sikutaka kuolewa naye, na hilo si kosa lake. Baba alikwisha kumwahidi jibu kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Basi Baba akakugeukia. "Dada, wewe ndiye mkubwa wetu. Fuatana naye. Tazama, uliza. Ukiniambia ni kazi ya heshima, atasoma. Ukisema si ya heshima, namfuata siku hiyo hiyo, na Athumani anapata jibu lake."

Ukaitikia kwamba utatazama vizuri. Watu wengine wakitumwa kutazama, hutazama wakarudi. Wewe, Shangazi, ulihamia. Ulifikia kwa somo yako pale mjini Bagamoyo, ukatundika kanga zako ukutani kama mtu aliyekuja kuzeeka.

Mtu wa kwanza uliyegongana naye pale hospitali alikuwa Metroni, mkuu wa wauguzi. Yule Mzungu mrefu alijifunza Kiswahili kwa kuamrisha watu, kwa hiyo hakuwa na njia nyingine ya kukisema. Hata akikutakia asubuhi njema ungedhani umevunja kitu. Nilipotoka chumbani nimevaa gauni la wanafunzi, jeupe, linalokomea chini kidogo ya magoti, ukanizunguka mara mbili, kisha ukamwendea.

"Mama, kitambaa kiliwaishia?"

"Nini?"

"Nauliza, nusu ya gauni hili iko wapi?"

"Hapana nusu. Hii yote!"

Hukubishana naye. Jioni yake uliliomba gauni ukasema unataka kulifua, ukalirudisha likiwa limeongezwa ukingo wa bafta mpaka kwenye vifundo vya miguu. Asubuhi nikaingia wodini nimelishika kwa mikono miwili kama bibi harusi anayevuka dimbwi. Mgonjwa mmoja akapiga kigelegele. Metroni akaniambia neno moja: "Kata!" Nikakata. Ndipo mkapatana, wewe na yeye, bila kuzungumza, kwamba nitavaa soksi ndefu nyeupe mpaka magotini. Joto la Bagamoyo unalijua. Miguu yangu ilikuwa inapikwa kama mihogo.

Sikukueleza vizuri siku zile jinsi nilivyokuwa nikihangaika, maana niliogopa utapeleka habari Mbegani. Niseme sasa. Kutandika kitanda tu kulinitoa machozi: kila pembe ya shuka ikunjwe kama bahasha, na Metroni akipita anaifumua kwa kidole kimoja. Maharage ya pale hayakupata kuonana na nazi maisha yao yote. Na masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Niliambiwa mifupa ya mkono wangu ina majina, kila mmoja na lake, nami nikastaajabu kwamba nimeibeba tangu kuzaliwa bila kujuana nayo. Jioni nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda najiuliza: hivi kazi hii naiweza, au nimeitaka tu ili nisiolewe?

Halafu likaja lile jipu.

Lilikuwa la mpagazi mmoja wa forodhani, na lilimkaa mahali ambapo kwa muda wa wiki nzima hakuweza kukaa yeye. Daktari akataka kulipasua. Mimi nikapewa kushika sinia la vyombo. Nilikiona kisu. Niliona na ncha yake inavyogusa. Kitu kilichofuata kukiona kilikuwa dari.

Niliinuliwa nikalazwa kitanda cha jirani, na nilipofumbua macho, yule yule mwenye jipu alikuwa amelala kifudifudi, ameshafungwa kidonda chake, ananipepea kwa kofia yake ya kiua. Ndipo ukaingia wewe.

"Nani amemuua mtoto wangu?"

"Hajafa, mama," akasema yule mpagazi. "Amezimia tu. Mgonjwa ni mimi."

Jioni ile tulikaa barazani kwa somo yako. Uliniwekea mkate wa kumimina, ukasubiri nimalize, kisha ukaniuliza kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwako, "Mwanaidi, twende nyumbani?"

"Hapana, Shangazi."

"Kwa nini, na wewe huwezi hata kutazama jipu?"

"Nilizimia kabla ya mwisho. Nataka nimwone yule baba anavyopona."

Ulikata kipande kingine cha mkate ukaniongezea. Na yule mpagazi alipopona akaondoka anatembea kwa madaha, mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kile kidonda siku za mwisho, huku nimeuma meno.

Wewe hukuacha kutazama. Kila saa ya kuona wagonjwa umo, na vikapu vyako vya visheti, unapita kitanda hadi kitanda unauliza kila mtu, "Huyu mtoto anakuhudumia vipi? Anakuinamia? Anakuangalia usoni?" Mpaka Metroni akatoa amri kwamba wodini haingii mtu asiye na ndugu aliyelazwa. Kesho yake ukaja kama ndugu wa bikizee mmoja aliyevunjika mkono. Keshokutwa ukaja kama ndugu wa mgonjwa wa macho.

"Wewe ndugu ya nani?" akauliza Metroni.

"Ya huyu."

"Jana ndugu ya yule!"

"Na yule pia. Ukoo wetu mkubwa, mama. Umejaa mpaka Saadani."

Ukatolewa nje. Nilikuona kupitia dirishani ukienda zako barabarani, kanga umeifunga kwa hasira, nikadhani mambo yamekwisha. Moyoni nilishukuru, nisamehe.

Asubuhi iliyofuata ukaletwa hospitali kwa mkokoteni wa nazi, umejikunja, unalia tumbo.

Yule daktari wetu Mhindi alikuwa mtu wa taratibu na mwenye usingizi daima. Alikubonyeza upande wa kulia, ukasema hapo hapo. Upande wa kushoto, ukasema na hapo. Akakugusa bega, na bega nalo likalalamika. Akaandika, akavua miwani, akasema, "Huyu apigwe bomba la sabuni kwanza, asafishwe tumbo, halafu tutaona. Mwanafunzi mpya atafanya. Ni wakati wake wa kujifunza."

Shangazi, uliacha kulia mara moja.

Nilivuta pazia la kitambaa kuzunguka kitanda. Chombo kilikuwa tayari, maji ya sabuni yana uvuguvugu, mpira umening'inia. Ukaninong'oneza:

"We mtoto, tumbo langu zima kabisa. Kawaambie."

"Kaseme mwenyewe, Shangazi. Mimi ni mwanafunzi, sina amri ya kumpinga daktari."

"Nikisema nitaumbuka mji mzima."

"Basi?"

Nje ya pazia tulisikia viatu vya Metroni vinakuja. Ukafumba macho, ukasoma Bismillahi kwa sauti ya mtu anayerukia kisima, ukageukia ubavu.

Nilifanya kama tulivyofundishwa. Nilikufunika shuka mpaka shingoni, nikakifunua tu kile kidogo kinachohitajika, wala sikukitazama zaidi ya kazi. Kila nilichotaka kufanya nilikuambia kwanza. "Sasa maji, Shangazi. Yana joto kidogo. Vuta pumzi. Ukiumia niambie." Metroni alichungulia, akatazama mikono yangu, akaondoka bila kuamrisha neno. Kwake ile ilikuwa ni sifa.

Yaliyofuata baadaye sitayaandika, maana barua husomwa na watu. Itoshe kusema kwamba mwendo uliokwenda nao kutoka kitandani hadi chooni sijauona tena kwa mtu wa umri wako, na wodi nzima ilikupisha njia.

Uliporudi ulijitupa kitandani. Ulilala chali unatazama dari, nami nikakaa kando nikikupangusa jasho, nikingojea matusi. Badala yake ukasema:

"Ulinifunika."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nilikuwa nimelala pale nasema leo heshima yangu imekwisha. Nikangoja iishe. Haikuisha." Ukanigeukia. "Na angekuwa mwanamume ajinabi, si ndugu yako, je?"

"Bomba la wanaume hupigwa na wauguzi wanaume. Lakini siku ikitokea hayupo wa kunisaidia na mtu yu taabani, ningemfanyia hivi hivi. Ningemfunika, ningemwambia ninalofanya, ningemaliza."

"Haya," ukasema. "Sasa nitafutie uji, maana humu ndani hamna kitu tena."

Habari za mtu kupelekwa hospitali kwa mkokoteni hazichelewi. Asubuhi yake Baba akafika kutoka Mbegani, amepakiwa nyuma ya baiskeli, na mwenye baiskeli ni nani kama si Bwana Athumani? Walikuwa wameanguka mteremkoni. Baba mzima, lakini Bwana Athumani muundi wa mguu umechubuka vibaya, damu mpaka kwenye viatu. Baba akapita moja kwa moja mpaka kitandani kwako, machozi yanamlengalenga.

"Dada! Unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Si ulilazwa?"

"Niliumwa jana, kwa makusudi. Kaa chini."

Wakati huo mimi nimeitwa kumsafisha Bwana Athumani kidonda, pale pale mbele yenu. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, akavumilia kiungwana. Nikamwambia, "Sasa napaka aidini, Bwana Athumani, itauma kidogo." Ile "kidogo" nilijifunza siku hiyo kutoisema tena. Alipiga ukelele mmoja, na watoto wachanga wa wodi ya wazazi wakamjibu wote kwa pamoja. Alipopata pumzi, akamtazama Baba kwa huzuni ya kweli.

"Mzee wangu," akasema, "binti yako ana mkono mzuri, sisemi uongo. Lakini mke mwenye dawa hii nyumbani, mimi simwezi. Naomba tuyaache kwa wema."

Baba alikuwa amepoteza mkwe na wagonjwa wa vitanda vya jirani wanasikiliza. Akakuuliza, polepole, lile alilokutuma:

"Basi niambie, dada. Ni kazi ya heshima?"

Ukakaa kitako kitandani, ukajitanda kanga vizuri kama unayetoa ushahidi mbele ya kadhi.

"Mdogo wangu, mimi nimevuliwa nguo na mtoto wako mchana kweupe, nikatoka na heshima nyingi kuliko niliyoingia nayo. Wewe unataka nikwambie nini tena? Mwache asome."

Baba alitazama mikono yangu, iliyokuwa na rangi ya aidini mpaka vidoleni. "Soma," akasema. Kisha, kwa kuwa ni Baba, akaongeza, "Lakini hilo gauni ni fupi."

Hivyo ndivyo nilivyosoma, Shangazi. Nilianguka mtihani wa mifupa, nikaurudia nikapasi. Nilizimia mara moja nyingine tu, na mara hiyo nilikaa kwanza. Na wewe ulirudi Mbegani ukawa bingwa. Ulieneza sifa za bomba la sabuni kuanzia Kaole mpaka Zinga. Mtu akiumwa jino, umepigwa bomba? Mwanamke akigombana na mumewe, umepigwa bomba? Watu walikuwa wakipona kwa kukuona tu unakuja.

Nilipohitimu nikapangiwa zahanati hii ya huku Msata, bara, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tukawa mbali. Ulisema ukipata nguvu utakuja. Ukashikwa na kichomi wakati wa masika, barabara imekatika, gari haziendi. Nilipofika Bagamoyo ulikuwa umeshazikwa. Nimehudumia watu wengi ambao hata majina yao sijui, na siku ulipougua kweli, mikono iliyokushika haikuwa yangu. Hilo linaniuma, wala sina namna nzuri ya kulisema.

Lakini yuko binti mmoja, Tatu, mwanafunzi mpya wa unesi pale hospitali ya Bagamoyo, ndiye aliyekuuguza. Alikuja matangani, akaketi karibu nami, akaniuliza kwa woga, "Dada, ni kweli wewe ndiye mkubwa wa hospitali zote za pwani?"

"Nani kakwambia?"

"Marehemu. Alisema ukija utamwondoa Metroni."

Nilicheka, Shangazi. Nilicheka ndani ya matanga yako mpaka wazee wakanigunia, kisha nikalia mpaka wakaniacha. Tatu akanieleza kwamba siku zako za mwisho, pumzi inakata, ulikuwa bado unamhoji. Ukamuuliza kama baba yake amemruhusu kwa moyo mmoja. Akakwambia hapana, amemwachia tu kwa kuchoka kubishana, na tangu aondoke hajamletea hata salamu. Ukamwambia, "Nikitoka hapa nitakwenda kuzungumza naye."

Nikamuuliza kwao wapi. Akasema huku huku Msata, mbele kidogo ya zahanati yangu.

Jana nilikwenda. Nilimkuta mzee anapepeta mbaazi uani, mtu mkavu, wa maneno machache. Akaniitikia marahaba, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta. Nikamweleza mimi ni nani, na shangazi yangu alikuwa nani, na nimekuja badala yake. Nilijitayarisha kwa maswali ya gauni, ya damu, ya wanaume. Hakuuliza hata moja. Alipepeta mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, bila kunitazama:

"Akishajua hicho Kizungu, akirudi hapa atanijua?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi nikifika kwetu na sare yangu ya kazi, baba yangu hunituma maji kabla hajaniitikia salamu. Nami huenda kuyachota."

Akacheka kidogo, kwa pua. Akaingia ndani. Akakaa huko hata nikadhani ndiyo ameniaga. Kisha akatoka na kifuko cha mbaazi, amekifunga kwa ukindu, akanipa.

"Utakayemkuta anakwenda Bagamoyo, ampelekee. Mwambie za mwaka huu zimetoka ndogo. Asije akadhani nimembania."

Barabara imefunguka, lori linapita kesho asubuhi, nami nina ruhusa ya siku mbili. Nitampelekea mwenyewe. Nadhani mzee ametukubalia, Shangazi.

Mwenyezi Mungu akupe nafasi kaburini na akuangazie. Mimi na Baba hatujambo, na kila Alhamisi tunakusomea.

Binti wa mdogo wako,
Mwanaidi